Mwaka Walipoigawa Shule Yetu

Dawati langu lilikuwa na joto la mtu mwingine. Hilo ndilo la kwanza kunijia kila ninapokumbuka mwaka wangu wa kidato cha pili: saa saba mchana, jua limelalia mabati, nami nakaa juu ya ubao ambao dakika chache zilizopita alikuwa ameukalia mwanafunzi wa asubuhi nisiyemjua hata jina. Chumba kizima kilikuwa na harufu yao. Jasho, vumbi la chaki, maganda ya karanga yaliyosagwa na viatu, na sabuni ya mche iliyokwisha kuchacha kwenye mashati. Wao walitokea mlango wa mbele, sisi tukaingilia wa nyuma, kwa sababu mwalimu wa zamu hakutaka tupishane. Muhula uliotangulia kupishana huko kulizaa ngumi. Kidato cha tatu na cha nne walisoma asubuhi, cha kwanza na cha pili tukasoma mchana, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili. Wa katikati hakuwa na pa kuweka kiwiko. Nilikuwa wa katikati.

Shule ilikuwa hiyo moja. Zile za bweni zilizokuwapo zilipokea watoto kutoka nchi nzima, na mtoto wa Songea aliyekosa nafasi huko alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, shule ya kutwa iliyokuwa upande wa mashariki ya mji, kuelekea Matogoro. Watu waliiita Kutwa, basi, kama vile jina hilo lilitosha. Waliijenga wazazi kwa mikono yao kabla sijazaliwa. Kila nyumba ilitoa matofali, na baba yangu alipenda kutuonyesha ukuta wa maabara na kusema kwamba katika ukuta ule yamo yake. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakafunguliwa pale palipokuwa na milango iliyofungwa, mitumba ikamwagwa juu ya maturubai, mabasi ya Tunduru yakaanza kuleta watu waliofunga mawe ya thamani kwenye ncha za leso, na wakulima wa tumbaku wa huko Namtumbo wakaanza kuwaza watoto wao wasome mjini. Ruhuwiko, tulikoishi sisi, kulikuwa mashamba ya mihogo na mahindi nilipokuwa mdogo. Nilipofika kidato cha pili, palibaki mihogo michache tu katikati ya nyumba. Mji ulikua, shule haikukua. Ndiyo maana dawati langu lilikuwa na joto.

Baba yangu alikuwa Mwalimu Fidelis, mwalimu wa fizikia wa Kutwa. Sisemi mmoja wa walimu wa fizikia. Alikuwa peke yake. Asubuhi alifundisha vidato vya juu, na siku tatu kwa wiki alibaki mchana kutufundisha sisi, akila mhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye gazeti huku akisahihisha madaftari, kisha akarudi kwa baiskeli kabla ya kengele yetu ya jioni. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mgumu wa uamuzi. Alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoipenda, na kila Jumamosi aliifuta mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mama yangu alikuwa kinyume chake katika kila kitu: mnene, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusamehe, na hasira ikimpanda Kiswahili kilimkimbia akabaki na Kingoni kitupu. Kwa miaka yote niliyowafahamu walikuwa wakitaniana. Mwaka ule utani ulikoma.

Ulikoma kwa sababu wazazi wa Ruhuwiko na mitaa ya magharibi walikuwa wamepandisha vyumba vinne hadi kwenye linta, wakaandika barua wakiomba shule ya pili. Jibu lilirudi kwamba serikali haina walimu wapya wala vifaa. Kama wananchi wanataka shule mbili, basi waigawe ile waliyonayo: nusu ya walimu wavuke mji, nusu ya madawati, nusu ya vitabu. Mkutano wa wazazi wote ungeitishwa na kuamua. Kuanzia siku barua ile iliposomwa kanisani na msikitini, mji wetu ulipata mpaka usioonekana. Watu wa mashariki walisema kwamba watu wa magharibi wanataka kubomoa kilichojengwa kwa jasho la wote. Watu wa magharibi walijibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa kuwa hakuna mtoto wa mashariki aliyetembea saa moja na nusu kwenda shule na saa moja na nusu kurudi. Wanakwaya waliokuwa wakisimama bega kwa bega waliacha kusalimiana. Darasani kwetu mtu alichora mstari wa chaki sakafuni, upande mmoja akaandika "Wenye Shule", upande wa pili "Wavamizi". Mwalimu alifuta, kesho yake mstari ukarudi.

Nyumbani kwetu mstari ulipita katikati ya meza. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba maji ya kufyatulia matofali ya vyumba vile vinne. Alhamisi alirudi na udongo mwekundu hadi magotini, akakaa kula ugali na likolo, mboga zetu za majani, bila kunawa miguu, makusudi, ili baba auone. Baba naye alikaa na kalamu, akiandika barua kwa bodi ya shule kueleza kwa nini shule isigawanywe. Hawakugombana kwa kelele. Afadhali wangegombana. Waliongea kupitia kwangu.

"Resti, mwambie baba yako chumvi iko mbele yake."

"Resti, mwambie mama yako nimeiona."

Aliyenijulisha kunguni wa kitanda kile alikuwa Hadija. Alitoka Lusewa, mtoto wa mwisho wa mama mjane aliyelima tumbaku, na alikaa Ruhuwiko kwa baba yake mdogo, Bwana Rashidi, dereva wa basi la Tunduru ambaye siku nyingi alikuwa safarini. Hadija alikuwa na akili kali kuliko yeyote darasani, ukinitia na mimi. Mama yake alikuwa amemwachia kwa shingo upande, maana mikono ya kufunga majani ya tumbaku haikutosha, na kila likizo alimwambia waziwazi: siku nikisikia jambo lolote baya huko mjini, unarudi. Hadija aliishi na sentensi hiyo kama mtu anayeishi na kidonda. Alikaa kwa uangalifu, akacheka kwa uangalifu. Jioni tulitoka shuleni saa kumi na moja na nusu, tukavuka mji mzima wakati maduka yanafungwa, tukaacha taa za mwisho nyuma yetu, kisha tukaingia kwenye kipande cha mikaratusi ambacho lazima ukipite kabla ya kuziona nyumba za kwanza za Ruhuwiko. Kilikuwa cha mwendo wa dakika kumi na tano. Tulikipita bila kusema neno, tukinusa yale majani makali kama dawa ya kifua, tukihesabu hatua zetu kimoyomoyo.

Ilikuwa Machi, mvua zikinyesha karibu kila siku. Jumatatu tulimwona mtu amesimama kando ya njia, amevaa koti refu la kijani la mtumba. Alitutazama tukipita. Jumanne alikuwepo tena, karibu zaidi. Nilimwambia Hadija tuwaambie wakubwa, akanikata kwa jicho. Jumatano mvua ilituchelewesha, tulifika kwenye mikaratusi mwanga ukiwa umebaki juu ya miti tu, na yule mtu alitoka nyuma ya shina akasimama katikati ya njia.

"Mbona mna haraka?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Tulikimbia. Tuliacha njia tukakata katikati ya miti, matope yakinyonya viatu, nami nikisikia koti lile likipiga miguu ya mwenyewe nyuma yetu, pa, pa, pa. Hadija alikuwa kushoto kwangu. Kisha hakuwepo. Nilisikia kishindo na sauti fupi, kama ya kikombe kinachoanguka ndani ya maji, na nilijua ameingia mtaroni. Nilijua. Hili ndilo ambalo sikulisema kwa muda mrefu hata kwa padri. Sikugeuka. Nilikimbia hadi nyumba ya kwanza yenye taa, kwa mama mmoja aliyekuwa akipika togwa, nikamshika kanga na kusema, "Mwenzangu ameanguka." Nilisema hivyo tu. Wakaja wanaume wawili na karabai, tukarudi pamoja.

Tulimkuta Hadija amelala ndani ya mtaro, maji yakimfika kifuani, kiganja chake mwenyewe kimeziba mdomo wake. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka vibaya juu ya kifundo. Hakuwa amelia. Baadaye alinisimulia kwamba yule mtu alikuja hadi ukingoni, akasimama, akawasha sigara, akaivuta hadi mwisho huku akisikiliza giza, kisha akaondoka akikohoa. Muda wote huo mfupa ulikuwa umevunjika naye hakutoa sauti. Wanaume walipomwinua, alinivuta shingo na kuninong'oneza sikioni, pumzi yake ikiwa baridi kama maji aliyotoka: "Sema nimeteleza. Resti, kama unanipenda, sema nimeteleza."

Nikasema ameteleza. Nilimwambia mama, nikamwambia Bwana Rashidi aliporudi safari, nikamwambia baba aliponiuliza mara mbili akinitazama usoni. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ile yangu niliitembea wiki tatu, asubuhi na jioni, na kila siku niliiona ndefu zaidi. Mguu wa Hadija ulifungwa plasta nyeupe ngumu, naye akawa anasoma kitandani kwa madaftari yangu. Mimi nilianza kurudi na kundi la wavulana wakubwa wa mtaa, nikijifanya napenda mazungumzo yao ya mpira. Usiku nilisikia lile koti.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, mvua ikiwa imepumzika. Madawati yote yalitolewa uwanjani mbele ya madarasa na bado watu wengi walisimama: wanawake wenye watoto mgongoni, wazee waliovaa makoti ya Jumapili, wafanyabiashara wenye redio ndogo makwapani. Watu wa mashariki walikaa kulia na watu wa magharibi kushoto, bila mtu yeyote kuwapanga. Viranja wa kila darasa tulitakiwa kuhudhuria, tukakaa chini mbele, na kwa kuwa nilikuwa kiranja wa darasa letu nilikuwa hatua chache tu kutoka meza ya bodi. Mama alikuwa kushoto kati ya wanawake wa Ruhuwiko. Nyuma kabisa nilimwona Bwana Rashidi, kofia ya udereva bado kichwani. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuwa na kikohozi, alifungua mkutano kwa sala mbili, ya Kikristo na ya Kiislamu, na hizo ndizo zilizokuwa dakika za mwisho za utulivu. Watu walizomeana. Mzazi mmoja wa mashariki aliuliza kama wakigawa shule watagawa na msalaba wa kanisa. Mama mmoja wa magharibi alivua kiatu chake kilichotoboka soli akakipitisha kwa watu wakitazame.

Kisha baba akasimama, na kelele zikashuka, kwa kuwa nusu ya watu pale walikuwa wamefundishwa naye.

"Ndugu zangu," alisema, "vyumba vinaweza kugawanywa. Madawati yanaweza kubebwa kichwani. Lakini maabara haikatwi kwa msumeno. Mwalimu wa kemia ni mmoja. Wa fizikia ni mmoja, ni mimi, nami sina pacha. Mkiigawa shule hii hamtapata shule mbili. Mtapata nusu mbili, na mtoto wa mkulima akishindana na wenzake wa miji mingine kwa nusu ya elimu, atashindwa, na atadhani ni kosa la kichwa chake."

Upande wa kulia walipiga makofi. Hata kushoto baadhi waliinamisha vichwa. Nilijivunia, Mungu anajua. Halafu akaendelea.

"Nasikia hoja ya njia. Kila anayesimama ananitajia yule binti wa Lusewa. Binti yule aliteleza kwa mvua. Alikuwa na mwanangu, na mwanangu huyu hapa, mzima. Mvua hainyeshi Ruhuwiko peke yake. Njia ile naipita mimi kila siku. Ni ndefu, sikatai, lakini ni salama. Tusiwatishe watu kwa ajali ya matope."

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka magoti yangu yalikuwa na changarawe zilizonata, na nikayaona kwa sababu nilikuwa nimesimama.

"Hakuteleza," nilisema.

Mwenyekiti aligonga meza. "Kaa chini, mtoto. Hapa wanasema wakubwa."

"Mwacheni," alisema baba. Alinigeukia taratibu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Unasema nini, Restituta?"

"Hakuteleza, Baba. Mwalimu. Tulikimbizwa. Kuna mtu kwenye mikaratusi, alikuwepo siku tatu. Hadija alianguka mtaroni tukikimbia."

"Kwa nini ulisema ameteleza?"

"Aliniomba. Aliogopa kurudishwa kwao."

Uwanja ulinyamaza hata ukasikia watoto wachanga wakinyonya. Baba alivua miwani, akaishika. "Na wewe ulikuwa wapi alipoanguka?"

"Nilikimbia," nikasema. "Nilisikia ameanguka, nikamwacha."

Nilimtazama mama. Maneno yangu yalikuwa yamewapa upande wake ushindi, na wanawake waliomzunguka walikwisha kusimama wakipaza sauti, kila mmoja akitaja binti yake aliyefuatwa, aliyevutwa kanga, aliyeacha shule bila kueleza sababu. Kumbe hatukuwa wawili. Tulikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa amefunga mdomo wake kwa kiganja chake. Mama peke yake alibaki amekaa, amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Nyuma, ile kofia ya udereva haikuwepo tena.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Shule ikagawanywa. Na baba yangu, baada ya yote yale, mbele ya binti yake na mke wake, alinyoosha mkono kupinga. Aliunyoosha juu kabisa, mkono wa mtu asiyetaka kuhesabiwa kwa makosa.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa Bwana Rashidi nikamkuta Hadija amekaa kwenye sanduku lake la bati, magongo mapajani, akisubiri kupakiwa kwenye basi. Nilisema shikamoo kwa mke wa baba yake mdogo, akaitikia bila kunitazama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Hadija aliniwahi.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Resti," alisema.

Basi likamchukua. Mimi nikarudi nyumbani, ambako baba hakuwa amenisemesha tangu mkutano. Hakunipiga, hakunigombeza. Alikula, akasahihisha madaftari, akalala. Alhamisi, siku ya tano ya kimya kile, mama alimtenga baba jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikawasikia wakisema wao kwa wao, moja kwa moja, mama kwa Kingoni na baba kwa Kiswahili. Sikuelewa yote. Asubuhi ya Ijumaa baba hakwenda shule. Alivaa suruali yake ya harusi za watu, akamwomba mwalimu mwenzake amshikie vipindi, akapanda basi la Tunduru. Mama aliponiona nimesimama mlangoni aliniambia tu, "Baba yako ameenda Lusewa."

Yaliyosemwa huko nilikuja kuyajua miaka mingi baadaye kutoka kwa Hadija mwenyewe. Baba alifika jioni, baada ya kupanda lori la mbolea kwa kipande cha mwisho, amejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mama yake Hadija hakumkaribisha kiti. Baba akasimama uani, kofia mkononi, akasema, "Mama, mimi ni yule mwalimu niliyesimama mbele ya watu nikasema njia ni salama. Nilisema uongo bila kujua. Mimi nina baiskeli. Sijawahi kuipita njia ile kwa miguu wakati wa magharibi, na mimi ni mwanamume. Shule ile niliipinga na bado naipinga. Lakini haitakuwa tayari hadi mwakani, na binti yako hawezi kungoja mwakani. Nipe akae kwangu, alale na binti yangu. Jioni nitawatoa shuleni mimi mwenyewe." Mama yake Hadija alimuuliza kila siku au siku atakazokumbuka. "Kila siku," akajibu. Yule mama akaingia ndani, akatoka na kiti.

Jumapili walirudi wawili, mmoja na magongo, na Hadija akalala kitanda kimoja nami akiwa amenipa mgongo kwa wiki nzima. Wiki ya pili, usiku mvua ikipiga mabati, alisema akiwa ameuelekea ukuta, "Na mimi ningekimbia." Sikuwa na hakika kama ni kweli, na sijui hata leo, lakini nilimshukuru kwa kusema.

Baba alitimiza neno. Alikuwa shuleni tangu alfajiri, na siku zisizo na vipindi vya mchana angeweza kurudi saa nane akapumzika, lakini alibaki hadi kengele ya jioni. Alimkalisha Hadija kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, yeye akaisukuma, mimi nikitembea upande wa pili. Wiki ya kwanza tulikuwa watatu. Mwisho wa mwezi walijiunga wasichana wote wa Ruhuwiko na mitaa ya jirani, kundi zima likimfuata mwalimu wa fizikia katikati ya mji, na wenye maduka waliokuwa wakifunga milango walitupungia. Kwenye mikaratusi alituuliza maswali. Kwa nini sauti husafiri mbali zaidi jioni? Kwa nini jiwe lililoloa linang'aa? Nilijua kwamba alikuwa akituuliza ili tusisikilize miti. Yule mtu wa koti la kijani hatukumwona tena wala hatukujua alikuwa nani. Mara nyingi mjini nilimtazama mwanamume fulani dukani au kanisani nikawaza: ni wewe?

Januari vyumba vinne vikafunguliwa Ruhuwiko. Walimu walipoambiwa wajiandikishe nani atavuka mji, karatasi ilikaa ukutani mwa ofisi siku kadhaa bila jina la mwalimu wa sayansi, kisha likaonekana moja, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Mama alimuuliza mezani, bila kupitia kwangu, imekuwaje. Baba alimega ugali. "Hata nusu inahitaji mwalimu," alisema. Mama akacheka hadi akakohoa, na nikajua kwamba nyumba yetu imepona. Lakini Kutwa nao walikuja kumlilia, hivyo kwa miaka mitatu alifundisha kote kuwili, siku mbili huku na tatu kule, akivuka mji kwa baiskeli na chati za mikondo ya umeme zimefungwa kama mkeka kwenye kiti cha nyuma. Alikonda. Kifua kilianza kumsumbua miaka ile.

Na alikuwa amesema kweli, hili lazima nilikiri. Shule yetu mpya haikuwa na maabara. Kemia tuliisoma kwa picha ubaoni, mwalimu alichora byureti, ile bomba ya kioo yenye koki, akachora tone, akatuambia, "Hapa sasa rangi ingebadilika." Siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne tulipelekwa Kutwa, tukaingia maabara ile yenye matofali ya baba, na nikashika byureti halisi kwa mara ya kwanza maishani. Koki niliifungua kwa pupa. Nilimwaga. Nilikuwa nataka kuwa daktari tangu nikiwa na miaka saba, na ndoto hiyo iliishia juu ya meza ile, kwenye kidimbwi kidogo cha rangi ya waridi. Hadija alifaulu vizuri kidogo kuliko mimi, akaenda chuo cha kilimo. Lakini nikihesabu wasichana wa mtaa wetu tuliomaliza kidato cha nne mwaka ule, na nikiwakumbuka wale wa miaka ya nyuma walioishia njiani kimya kimya, siwezi kusema kura ile ilikosea. Siwezi kusema pia kwamba ilipatia. Nimeubeba mwaka ule wenye pande mbili kama mtu anayebeba ndoo mbili. Ukiweka moja chini, unayumba.

Leo Hadija ni bibi shamba huko Namtumbo, na wakulima wanaume humwamkia. Mimi ni afisa ardhi hapa mjini, na kwenye ramani zilizotanda ukutani mwa ofisi yangu shule za sekondari zimetapakaa kata kwa kata. Sijui hata kama kijana wa leo anaweza kuamini kwamba mji mzima uliwahi kugombania moja. Mikaratusi ilikatwa zamani, pakajengwa nyumba na gereji. Binti yangu wa mwisho hutembea dakika saba kwenda shule na hurudi jua lingali juu, akila barafu. Wakati mwingine namtazama akija peke yake, akiimba, hana habari na mtu nyuma yake, nami nahesabu hatua zake.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa na baba barazani kwake, binti yangu huyo akiwa ndani. Mama alikwisha kututoka. Baba sasa anatembea kwa mkongojo na kusikia kwa sikio moja, lakini kichwa bado kikali. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kulithubutu tangu utoto: kama mkutano ule ungeitishwa leo, angenyoosha mkono upande gani?

"Ningepinga," alijibu, hata kabla sijamaliza. Alitazama barabara, wanafunzi walikuwa wakitoka. "Halafu ningekuja kuwachukua jioni."

Kisha akaniuliza mjukuu wake anafundishwa fizikia na nani. Nikamwambia kwamba shule yao ina jengo zuri la maabara, vigae sakafuni, lakini mwalimu ni mmoja kwa shule mbili na huja Jumanne na Alhamisi tu. Baba alipapasa mfukoni akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akageuza uso kuelekea ndani ya nyumba na kumwita mjukuu wake kwa jina, kwa sauti ileile ya darasani, aje na daftari.